Daraja la Mji wa Karibu

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye mtoto wa kulia ampe titi, maana huko tuendako watu husikilizana sana, na ukikohoa tu ataitwa mtu wa kuja kuulizia kikohozi chako.

Njia haina faida kuielezea. Bi Siwatu alijitwika kikapu chake, akaondoka kwao, akaenda, akafika. Magoti yalimuuma kama yanavyowauma wote wenye umri wake, basi.

Alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake, Siwazuri. Majina hayo msiyacheke. Mama yao alipokuwa na mimba ya kwanza aligombana na majirani, na mtoto alipozaliwa akamwita Siwatu. Mimba ya pili ugomvi ulikuwa haujaisha, ila umepoa kidogo, ndipo mtoto akaitwa Siwazuri. Angepata wa tatu pengine wangepatana kabisa.

Siwazuri aliolewa mbali, katika Mji wa Karibu, na sasa mume hayupo na macho yanamwishia. Alituma maneno kwa msafiri: "Mwambieni dada aje. Bado naona, lakini naona cha karibu tu, kitu mpaka kinifike puani. Akikawia atakuja kuonwa na masikio."

Ndiyo maana Siwatu akaenda.

Kwenye lango la mji alisimama akashangaa. Lango lilikuwa refu kuliko mnara, limechongwa maua mpaka juu, na halikuwa na mlango. Badala ya askari palikuwa na watu waliovaa vizuri, wake kwa waume, na kazi yao ya mshahara ilikuwa kusema, "Karibu." Hakuna aliyepekua kikapu. Walimkalisha, wakampa maji ya baridi yaliyofukizwa udi, na kijana mmoja akamkanda nyayo bila kukunja uso. Siwatu alikuwa amezoea serikali ya kofia na makelele. Akajisemea, "Mama yangu we! Kumbe serikali ina mikono laini?"

"Jina nani, mama?" aliuliza mpokeaji, mwanamume mpole mwenye kikoi na shati la samawati.

"Siwatu."

"Usijidharau, mama. Hapa kwetu kila mtu ni mtu."

"Sijidharau, baba. Ndilo jina."

Mpokeaji aliingiwa na huzuni. Waliteta pembeni yeye na wenzake, wakarudi wakitabasamu. "Tumekubaliana tukuite Mgeni."

"Na wewe waitwaje?"

"Naitwa Kombo, ila kwa heshima na mimi ni Mgeni. Mji mzima ni wageni. Mwenyeji ni mmoja tu, Mwenyeji Mkuu, anayetuongoza."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, nyuma ya soko."

"Na baba yako?"

"Hapa. Na babu amezikwa hapa."

"Sasa ugeni wenu utaisha lini?"

"Karibu," alisema Bwana Kombo, kwa uso wa furaha kweli.

Ikawa bahati kwamba huyo Kombo ndiye aliyekuwa Sikio la mtaa anaoishi Siwazuri. Kila jamii ya mji ule ilikuwa na Sikio lake, yaani mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kuisikiliza jamii hiyo. Basi wakafuatana, na njiani Siwatu aliona mambo ambayo kwao angeyasimulia wangemwambia akalale.

Walipita mtaa wa Wala-Wima, watu wanaoamini chakula hushuka vizuri mtu akiwa amesimama. Mji umewajengea meza ndefu za kufika kifuani, zenye vivuli, barabara nzima, na hakuna anayewaambia wakae. Walipita kwa Wasema-Taratibu. Hapo Siwatu alimwona mzee mmoja, Mzee Fumu, ameanza sentensi tangu chai ya asubuhi. Mbele yake ameketi Sikio lake, kijana wa watu, mikono juu ya magoti, hapigi miayo, hamalizii mzee neno. Jua lilikuwa la utosi, na mzee ndiyo kwanza anakikaribia kitenzi.

"Anaomba nini?" Siwatu alinong'ona.

"Bado hatujafika huko," Kombo alinong'ona vilevile.

Siwatu alisikia machozi yanamlenga. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwacha amalize hata neno "lakini". Na hapa kuna serikali inalipa mtu kungoja! Akamsogelea Mzee Fumu, akamwachia kashata mbili kutoka kikapuni kwa heshima.

Mara baragumu likalia na sauti ikatangaza, "Karibuni kikaoni!" Mtaa wote ukatupa ulichoshika. Mwanamke mmoja alitoka na unga mikononi, na mwanamume mwingine amenyolewa kichwa nusu, nusu bado msitu. Wote mbio.

"Kuna moto?"

"Kuna kikao. Sheria ya kwanza ya mji, mama: anayekaribishwa hakatai. Juzi bwana mmoja alikawia kwa sababu mkewe yuko kwenye uchungu. Akaja kuomba radhi na kitoto mkononi."

Wakafika kwenye daraja.

Wallahi, Siwatu hakuwahi kuona kitu kama kile. Daraja la mawe meupe, limepita juu ya korongo ambalo chini yake mto unaonekana kama uzi. Pembeni kuna vizuizi vilivyochongwa sura za jamii zote za mji, taa za shaba, na viti vya kupumzikia. Alitembea huku amefunika mdomo kwa mkono. Akatembea, akatembea, mpaka Kombo akamshika mkono. "Hapo, mama."

Daraja lilikuwa limeisha. Kati ya ncha yake na ukingo wa pili palibaki uwazi wa kiasi cha mtu mrefu akijinyoosha kitandani. Kule ng'ambo palikuwa na nyumba, moshi, mbuzi na watu. Msichana mwenye ndoo kichwani alikuja mbio, akaruka, akatua upande huu, akasema "Shikamoo" na kuendelea na safari yake.

"Hawa ndio Waruka," alisema Kombo kwa fahari. Alikuwa amevaa kama wao, kikoi kimekazwa juu ya magoti. "Ni jamii yenye mila kongwe ya kuruka."

"Kabla ya daraja walikuwa wanaruka?"

"Kabla ya daraja palikuwa na kamba na kikapu cha kuvushia. Tulikiondoa wakati wa ujenzi."

"Basi mila hiyo kongwe imeanza lini?"

Kombo alifikiri. "Daraja lilipofika hapa lilipofika."

"Na wazee?"

"Wazee hukaa walipo. Wana hekima ya kutulia."

"Na wewe Sikio lao, huruka kwenda kuwasikiliza?"

"Mimi naogopa, mama," alisema Kombo, wala hakuona haya. "Nawasikiliza kutoka hapa. Nina masikio mazuri."

Waruka walikuwa wamekwisha kumwita Siwazuri. Akaletwa ukingoni ameshikwa mkono, kanga kichwani, amenyoosha shingo kama anayetafuta harufu.

"Dada?"

"Niko hapa, mdogo wangu."

"Wapi? Naona moshi uliovaa kanga."

"Ndiyo mimi huyo moshi."

"Sogea basi."

"Nikisogea nitafika mtoni."

Siwazuri alicheka, na kicheko kilikuwa kilekile, cha kuku aliyeshtuliwa. Kisha akasema, "Usikawie, dada. Asubuhi ya leo nimemwamkia mbuzi."

Siwatu alimgeukia Kombo. "Nipeleke kwa huyo mwenye mji."

Baraza la mji lilikuwa jumba lenye paa la umbo la sikio, na mvua ikinyesha, walisema, hutoa sauti kama mtu anayeitikia "ehee, ehee". Mwenyeji Mkuu alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, ameketi kwenye mkeka wa chini kabisa ili asimzidi mgeni yeyote. Siwatu alimpenda papo hapo, na hilo ndilo lililompa tabu. Mtu mbaya ungejua pa kumshika.

Akaeleza haja yake. Kipande kile kilichobaki kimaliziwe, avuke, mdogo wake amwone kabla macho hayajafunga. Mwenyeji Mkuu alilia. Alilia kweli, akajifuta kwa kilemba.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Karibu."

"Ahsante, baba. Lakini niulize. Ni karibu ya kuingia, au karibu ya bado kidogo?"

Masikio yote yalitazamana. Inaonekana tangu mji uumbwe hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kwetu ni neno moja, mama," alisema Mwenyeji Mkuu taratibu. "Tunakaribisha watu wote, na mambo yao yote yako karibu."

Ukafunguliwa mjadala. Sikio la Wala-Wima alisema watu wake wangependa kipande cha mbao, kisiwe na kiti. Sikio la Wasema-Taratibu alisema maoni ya watu wake yameanza na yako njiani. Akasimama Bi Thuwaiba, mkuu wa Idara ya Mila, mama wa makamo mwenye shanga za jamii zote shingoni, akalalamika kwa uchungu.

"Mkimalizia daraja, Waruka wataruka wapi? Tutakuwa tumeua utamaduni kwa mawe! Tutawaambia nini wajukuu wao?"

"Wajukuu wao wako pale ukingoni, mwanangu," alisema Siwatu. "Si muwaulize?"

"Tunawauliza! Kila mwaka tunawauliza."

"Wanasemaje?"

Bi Thuwaiba akamtazama Kombo. Kombo akatazama vidole vya miguu yake. "Wanasema wanataka daraja."

"Haya, sasa?"

"Tumelipokea," baraza lilijibu kwa pamoja. "Linafanyiwa kazi."

Siwatu akauliza basi kwa nini Waruka wenyewe wasitupie ubao. Akaambiwa waliwahi. Serikali iliwarudishia ubao wao siku ileile, umesafishwa na kupakwa mafuta, pamoja na shukrani. "Mama, sisi ndio tunaowasaidia wao," alieleza Mwenyeji Mkuu kwa upole. "Jamii ikianza kuisaidia serikali, mwenyeji atakuwa nani?"

Siwatu alitoka pale na kichwa kinamzunguka. Watu wema, masikio mazuri, machozi ya kweli, na mdogo wake yuko kulekule.

Kesho yake adhuhuri alimlazimisha Kombo warudi darajani. Kombo alisitasita njia nzima. Walipofika, Siwazuri alikuwa ameketi mlangoni kwake, hatua chache tu kutoka ukingoni, anakula muhogo wa nazi. Akasikia nyayo. Akafanya afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu anayekula na watu wakapita.

"Karibuni chakula!"

Kombo alidondoka nyuma ya kizuizi kama aliyepigwa risasi.

"Una nini wewe?" Siwatu alishtuka.

"Amesema na nani?"

"Na sisi. Mtu anakula, kasikia watu, kakaribisha."

"Ameniona?"

"Hamwoni hata nzi kwenye bakuli lake."

"Alhamdulillahi!" Kombo alijipangusa jasho. "Mama, usimwambie mtu. Ndiyo maana sisi hatuji huku saa za kula. Akinikaribisha na ameniona, ni lazima niende. Anayekaribishwa hakatai. Sheria haikusema nani anakaribisha!"

Siwatu alicheka kile kicheko ambacho mama yao alikuwa akikisikia tu, anakwenda kuhesabu mayai.

"Dada, umepata nini?" Siwazuri aliuliza ng'ambo.

"Njaa," alisema Siwatu. "Hiyo Siku ya Jamii Zote aliyoniambia Kombo, wanayokuja kuwatazama mkiruka, ni lini?"

"Keshokutwa. Lakini wanakuja asubuhi, na kabla hatujawasha mafiga wamekwisha kuondoka."

"Nyinyi washeni. Pikeni cha kunukia. Mengine niachie."

Siku ilifika, na ilikuwa siku ya kutoa macho. Bendera za jamii zote, ngoma kutoka kila mtaa, viti vimepangwa juu ya daraja mpaka karibu na ncha, na Mwenyeji Mkuu mbele katikati. Watoto wa Kiruka waliruka huku na huko, na Bi Thuwaiba alipiga makofi mpaka shanga zikakatika. Watu walipoanza kukusanya mavazi yao waondoke, akainuka Mzee Fumu wa Wasema-Taratibu. Siwatu alikuwa amekwenda kumsalimia jana yake, na kashata nyingine.

"Mimi..." alisema Mzee Fumu, "kwa niaba... ya..."

Wote wakakaa tena. Nani katika mji ule angemkata mzee kauli? Mwenyeji Mkuu alikunja mikono, akasikiliza kwa uso uliojaa mapenzi. Jua lilipanda. Kivuli cha taa kiliingia chini ya taa yenyewe. Mzee Fumu alikuwa anaelekea kwenye neno "shukrani" kwa njia ya mbali, na ng'ambo moshi ulianza kupanda. Harufu ya nazi ikaja, na ya samaki wa kuchoma, na ya wali uliotiwa iliki. Masikio ya serikali yalianza kumeza mate. Kombo alinusa, akaelewa, akageuka rangi. Alimtazama Siwatu. Akafungua kinywa, kisha akakifunga, akakaza kikoi chake.

"...shukrani," alimaliza Mzee Fumu.

"Sasa!" alisema Siwatu.

Na Waruka wote, wazee kwa watoto, kila mmoja na sinia mbele yake, wakapaza sauti: "Karibuni chakula!"

Hata bendera zilitulia. Mwenyeji Mkuu alibaki ameinuka nusu. Huyu mtu alikuwa amesema neno lile maisha yake yote, na hapo ndipo lilipomwangukia kwa mara ya kwanza. "Mimi?" aliuliza kama mtoto aliyechaguliwa kwenye mchezo. "Ninakaribishwa mimi?"

"Wewe, baba!" walijibu.

"Basi ni sheria." Alivua viatu. Akatembea mpaka ncha, akachungulia chini, akarudi nyuma hatua moja. Uso ulimwisha damu. "Niruke?"

"Mgeni haruki, baba yangu," alisema Siwatu. "Mgeni hupokelewa. Mwulize mwenyeji wako."

"Mwenyeji wangu," alirudia mzee, akijaribu ladha ya maneno hayo.

Kule ng'ambo vijana wanne waliung'oa mlango wa Siwazuri, mlango mzito wa zamani wenye misumari ya shaba, wakauleta ukingoni na kuulaza juu ya uwazi. Ulifika, na ukapita. Bi Thuwaiba alifungua kinywa kusema ubao urudishwe kwa shukrani, lakini Kombo alimwahi. "Kitu cha mwenye nyumba hicho, bibi. Mgeni hagusi." Kisha Kombo, ambaye aliogopa tangu azaliwe, akafumba macho, akakanyaga mlango, akavuka wa kwanza ili ampokee bwana wake viatu.

Mwenyeji Mkuu alivuka nyuma yake. Wakampa maji ya kunawa, wakamkalisha mkekani, wakamwambia ale, na alipotaka kuhutubia wakamwambia ale kwanza. Baraza zima likavuka, maana nao walikaribishwa. Walikula mpaka wakalegea. Waliuona mtaa wa Waruka kwa macho yao, na Masikio yale mazuri yalikuta kuna mengi hayasikiki kutoka ng'ambo: kisima kilichokauka, paa la madrasa lililobonyea, bibi kizee aliyekuwa hajatoka tangu kikapu kile kiondolewe.

Jua lilipopunga, Mwenyeji Mkuu aliuliza kwa adabu lini ataruhusiwa kurudi.

"Karibu," walisema Waruka, na wakaondoa mlango ili mbuzi wasivuke.

Mafundi waliitwa kwa kelele kutoka ng'ambo hata chai haijapoa. Hakuna aliyeuliza ni mbao au mawe. Hata Bi Thuwaiba, ambaye alitazama uwazi ule kutoka upande ambao hakuwahi kuutazamia, alisikika akiwahimiza wachanganye saruji haraka.

Siwatu hakuyaona hayo. Yeye alikuwa amevuka wa mwisho, akipapasa mlango kwa nyayo, macho yakikataa kutazama mto. Alipofika hakuona karamu wala baraza. Alimwona mwanamke mmoja amesimama peke yake kando ya nyumba isiyo na mlango, kanga imemteleza mabegani, amenyoosha mikono mbele mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Siwatu aliingia katikati ya mikono hiyo.

Siwazuri alimshika mashavu. Alimvuta, akamvuta tena, mpaka pua zikagusana na pumzi zao zikawa moja. Akamgeuzia uso kwenye mwanga, kwanza huku, kisha huku, kama anayechagua embe sokoni. Alitazama muda mrefu sana. Siwatu hakupepesa.

"Dada," alisema Siwazuri mwishowe. "Umezeeka vibaya."

Na Siwatu, ambaye hakuwahi kutukanwa na mtu akamwacha, aliangua kilio cha furaha, akamwambia, "Tazama tena."